Chokaa ya mfuko kwa kuta za mawe ya kale: inafaa wapi, inashindwa wapi

Omba chokaa kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo au Buguruni, utapewa mfuko wa kilo 25 wa unga mweupe uliokwisha kuzimwa kiwandani, yaani mawe yaliyochomwa kisha yakatiwa maji. Wengi huununua kuchora mistari ya uwanja wa mpira au kupaka miti. Sisi tunaupima kwa kazi nyingine: ukarabati wa kuta za mawe ya matumbawe, kama zile za magofu ya msikiti wa Kunduchi, au za makanisa ya wamisionari wa karne ya 19 huko Bagamoyo.

Kwa kazi hiyo saruji haina nafasi. Waliojenga misikiti ya pwani zama za kati, Kilwa hadi Lamu, walichoma matumbawe, wakayazima kwa maji, wakajengea. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu kutoka chini na kuupumulia nje kupitia lipu. Ukiufunika kwa saruji, maji hubaki nyuma, chumvi hujikusanya humo, na jiwe hugeuka unga. Siku saruji inapobanduka, inaondoka na uso wa jiwe. Mafundi wengi hulaumu mawe, kumbe kosa ni la lipu.

Turudi kwenye mfuko. Kwanza hakikisha ni chokaa ya ujenzi. Chokaa ya kilimo mara nyingi ni mawe yaliyosagwa tu, hayajachomwa, na haishiki kitu hata uisubiri mwaka mzima. Mifuko hufanana, kwa hiyo soma maandishi. Pili, pima kama haijaharibika: weka nusu kijiko cha unga kwenye kikombe na udondoshee siki au maji ya ndimu. Chokaa nzima hutoa mapovu machache sana. Ikichemka kama soda iliyotikiswa, imeshakula hewa ghalani na imerudi kuwa mawe. Mfuko wa karatasi uliokaa kwenye unyevu wa Dar miezi kadhaa mara nyingi unaangukia hapo. Nunua duka ambalo bidhaa zinatoka haraka, hata kama liko mbali kidogo.

Unga hautumiki ukiwa mkavu. Tia maji kwanza kwenye pipa, kisha mimina unga taratibu huku ukikoroga mpaka uwe kama uji mzito, na uache maji ya sentimita chache juu yake. Saa 24 ndiyo kiwango cha chini. Wiki mbili au tatu ni bora, kwa sababu uji unakuwa mnato na unateleza vizuri kwenye mwiko. Hapa ndipo chokaa ya mfuko inapozidiwa na ile inayotoka tanuri ikiwa mabonge na kuzimwa shimoni kwa miezi mitatu na zaidi. Ya shimoni hushika vizuri zaidi na haipasuki ovyo. Ukiipata, ichukue.

Kwa lipu tumia ndoo moja ya uji wa chokaa kwa ndoo tatu za mchanga wa mto, wenye chembe kali na uliooshwa. Mchanga wa ufukweni usiuguse, una chumvi. Sehemu ya chini ya ukuta, inayolowa kila masika, ongeza nusu ndoo ya unga wa matofali ya kuchoma. Humo chokaa itagandia hata penye unyevu. Lowesha ukuta, piga tabaka lisilozidi milimita 10, subiri likaze, ndipo uongeze la pili. Funika kwa magunia yenye maji kwa wiki nzima. Chokaa hukaza kwa kuvuta hewa ikiwa na unyevu, si kwa kukauka: jua la Januari likiikausha kwa siku moja, lipu hubaki unga na hung'oka kwa kidole. Msimu mzuri ni Juni hadi Septemba. Masika mvua inaiosha.

Kwa kupaka tu, mfuko huu unatosha kabisa na hatuna cha kulalamikia. Punguza uji hadi uwe kama maziwa, chuja kwa kitambaa, paka mikono minne au mitano myembamba. Wanaopaka mmoja mzito hubaki na vumbi jeupe kwenye nguo.

Jambo moja halina mjadala: jengo lililojengwa kabla ya 1863 linalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, kwa hiyo hata mwiko mmoja unahitaji kibali. Na vaa miwani na glovu, maana chokaa inaunguza macho vibaya. Uji uliobaki uache kwenye pipa chini ya maji. Hauharibiki.