Kadi ya grafiki kwa kompyuta ya Kisumu au Nakuru: ya zamani au mpya?

Kabla hujauliza bei, fungua kasha usome kibandiko cha pawa saplai. Kompyuta nyingi zinazouzwa madukani Kisumu, Kakamega na Nakuru ni mitumba ya ofisi, Dell OptiPlex au HP EliteDesk, na zile nyembamba zina wati 240 au 255 tu, bila waya wa ziada wa kulisha kadi. Kwa mashine kama hiyo, uamuzi umeshafanyika nusu: unatafuta kadi ya nusu kimo (fupi, ya kuingia kasha jembamba) isiyozidi wati 75, kwa sababu hizo ndizo tundu la PCIe, pale kadi inapochomekwa kwenye ubao mkuu, linazoweza kutoa peke yake.

Kasha kubwa lenye pawa saplai ya bei rahisi iliyoandikwa "500W" nalo lisikudanganye. Tafuta mstari wa 12V kwenye kibandiko. Ukikuta 18A (ampea 18), zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Hizo ndizo prosesa na kadi zitagawana. Ile 500 ya mbele ni mapambo.

Sasa majina. Kwa kadi za kampuni ya Nvidia (GTX na RTX), tarakimu za mbele ni kizazi na mbili za mwisho ni daraja, na daraja mara nyingi hushinda umri. GTX 1080 Ti ya 2017 bado inakimbia sambamba na RTX 3060 ya 2021 katika michezo mingi, ila inakula wati 250 pale mwenzake anakula 170. GTX 1060 yenye memori ya GB 6, ya 2016, inaiacha nyuma GTX 1650 ya 2019. Kwa hivyo muuzaji akikwambia "hii ni mpya zaidi", bado hajakwambia kitu.

Uzee hukuumiza kwingine. Mfululizo wote wa GTX 10 ulipata draiva (programu zinazoendesha kadi) zake za mwisho za michezo Oktoba 2025. Kilichobaki ni marekebisho ya usalama. Tena kuna michezo isiyowaka kabisa bila vifaa vya kufuatilia miale ya mwanga ndani ya kadi. DOOM: The Dark Ages ya 2025 inataka angalau RTX 2060 Super au RX 6600 ya kampuni ya AMD, na 1080 Ti kwa nguvu zake zote inabaki nje.

Kwa mwenye kasha la kawaida na pawa saplai ya kuaminika, nafasi ya kwanza tunaipa RX 6600 ya AMD, ya 2021. Ina GB 8, inakula wati 132, inataka waya mmoja wa pini 8, na kwenye skrini ya 1080p inakaribia mara mbili ya GTX 1060. RTX 4060 ya 2023 inaizidi kwa kiasi na kutumia wati 115 tu, basi ukipata mpya yenye waranti na mfuko unaruhusu, chukua. Lakini ukiifunga kwenye i5 ya kizazi cha nne, prosesa ndiyo itakayokuwa breki, na tofauti uliyolipia hutaiona.

Wanaohariri video za harusi au kufanya kazi za Blender (programu ya michoro ya 3D) waruke moja kwa moja hadi RTX 3060 ya GB 12. Hakikisha ni 12: kuna toleo la GB 8 lenye jina lilelile na njia nyembamba zaidi ya memori, nalo ni polepole.

Kwa zile OptiPlex nyembamba, RTX 3050 ya GB 6 ndiyo mfalme. Ilitoka 2024, inakula wati 70, haihitaji waya wa ziada, na matoleo ya nusu kimo yapo. Usiichanganye na 3050 ya GB 8, ambayo ni wati 130. Ikikushinda bei, shuka hadi GTX 1650 ya nusu kimo. RX 6400 tunaiweka chini ya hizo: inatumia njia nne tu za PCIe, kwa hivyo kwenye ubao wa zamani inapoteza kasi, na haina kisimbaji cha video, yaani sehemu ya kadi inayobana video wakati wa kurekodi. Anayetaka kurekodi mchezo atajuta.

RX 580 ya GB 8 bado inafaa kwa bajeti ndogo, ila wati zake ni 185. Kwenye chumba cha gemu kinachofanya kazi saa kumi kwa siku, kadi moja itamaliza takriban yuniti 16 za tokeni zaidi ya RX 6600 kila mwezi. Nyingi zilichimba sarafu ya Ethereum hadi uchimbaji huo ulipokoma Septemba 2022. Angalia pia toleo la 2048SP: RX 580 kamili ina vitengo vya kukokotoa 2304, hiyo ina 2048, yaani kimsingi ni RX 570.

Mkiani wako GT 730 na GT 1030 ya DDR4. Hizo ni za kuwasha skrini, si za gemu.

Kwa kadi yoyote ya mitumba, omba iwashwe mbele yako. Fungua GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi: kadi bandia za GTX 1050 Ti, ambazo ndani ni chipu za zamani kama GTS 450, huonekana na neno FAKE. Kisha endesha FurMark, programu ya kuitesa kadi kwa kazi nzito, dakika 15. Nukta za rangi, skrini kuzimika, au feni inayokwaruza, rudisha. Joto likipanda kupita nyuzi 85, huenda kadi inataka kusafishwa na kupakwa pesti mpya, jambo la kawaida kwa vumbi la Nakuru na fukuto la Kisumu. Punguza bei kwa gharama hiyo.

Tazama pia nyuma ya skrini yako. Skrini nyingi za mitumba zina VGA pekee, na kadi za GTX 10 kuendelea hazitoi mawimbi ya VGA. Kile kiunganishi kidogo cha DVI kwenda VGA hakitaingia; nunua kigeuzi chenye chipu ndani, cha HDMI au DisplayPort kwenda VGA.

Ukishaifunga na skrini ikabaki nyeusi, usikimbilie kwa fundi. Mara nyingi waya wa skrini bado umechomekwa kwenye ubao mkuu badala ya kwenye kadi. Kama sivyo, chomoa kadi, sasisha BIOS ya mashine (programu ya ubao mkuu inayoiwasha), kisha uirudishe hadi kile kishikio cha tundu kilie "tak".