Gego limebaki nusu, na nimeridhika

Kliniki ya meno niliyokwenda iko ghorofa ya tatu, karibu na Buxton, Mombasa. Ngazi zitakutoa jasho kabla ya sindano. Daktari akanionyesha kwenye eksirei: mizizi ya gego langu la mwisho imeulalia mshipa wa fahamu wa taya. Ukiling'oa lote, mdomo wa chini na kidevu vyaweza kufa ganzi, pengine daima. Basi akakata kichwa cha gego tu, mizizi akaiacha mfupani, akashona ufizi. Wiki nzima mimi na uji, mahamri nayatazama tu! Sasa mdomo unahisi kila kitu, hata embe la pilipili pale ufuoni Mama Ngina. Kilichoniudhi: saa mbili kwenye benchi, na kwamba mizizi huweza kupanda baadaye ikabidi itolewe nimeambiwa nikiwa mlangoni natoka.