Mbwa ametapika, au amerudisha chakula?

Daktari wa mifugo akiuliza swali hili, wengi hujibu "si ni kitu kimoja?" Si kimoja, na jibu lako ndilo litakaloamua aanze kuchunguza wapi.

Kutapika kuna dalili zake. Mbwa hutulia pembeni, hulamba midomo, mate humchuruzika, kisha tumbo linajikunja mara kadhaa kwa nguvu. Kinachotoka kimetoka tumboni au kwenye utumbo mdogo: chakula kilichoanza kusagika, au maji ya njano, yaani nyongo.

Kurudisha chakula hakuna hodi. Anainamisha kichwa tu, chakula kinadondoka, tumbo halijashtuka hata kidogo. Kitazame: punje ni nzima, zimefunikwa ute, na pengine zimejipanga kama soseji, kwa kuwa zilikuwa zimekwama ndani ya umio, yaani mrija unaopeleka chakula tumboni. Mara nyingi mbwa huyo hugeuka akala tena alichokitema. (Kinyaa ni chako, si chake.)

Mimi hili la pili ndilo hunitia wasiwasi zaidi, maana chakula huweza kuteleza hadi mapafuni kikaleta nimonia. Umio uliolegea na kutanuka ni sababu mojawapo. Mbwa mwenye umio wa hivyo hulishwa akiwa amesimama wima.

Ng'ombe anayecheua usimtie humu, huyo ni mzima. Farasi naye karibu hawezi kutapika kabisa.

Likitokea tena, rekodi video kwa simu. Itamsaidia daktari kuliko maelezo yako yote.