Mwaka na nusu na DJI Mini 2 juu ya meli za Purton

Betri imebaki asilimia 24, droni yangu ndogo, DJI Mini 2, iko juu ya tishali la mwisho kati ya meli mbovu za Purton, Uingereza, upande wa kijijini, kama mita 400 kutoka niliposimama, nami najisifu moyoni kwamba leo picha nimeipata. Nikaigeuza irudi. Skrini ikaonyesha mwendo wake: mita 2 kwa sekunde. Nikadhani nimeona vibaya. Nikasukuma kijiti mpaka mwisho, bado 2. Kumbe ule wepesi niliousifu wakati wa kwenda haukuwa wa mota, ulikuwa wa upepo wa baharini unaopanda na mto Severn alasiri nyingi, na sasa ulikuwa unaipiga droni usoni.

Rimoti ikaanza kulia. Nilichofanya, na nawaombeni mkikumbuke, ni vitu viwili: niliishusha kutoka mita 60 hadi kama 15, maana chini upepo hupungua, kisha nikaiweka kwenye hali ya Sport, ile ya mwendo wa kasi. Ikainama pua kama mbuzi anayetaka kupiga pembe, ikaja. Ilitua kwenye nyasi ikiwa na asilimia 11. Mikono ilikuwa inanitetemeka nikashindwa hata kukunja mapanga yake.

Kosa lilikuwa langu mtupu. Na mchezo wa kupiga picha meli mbovu mtoni kwa droni ndogo ndivyo ulivyo: sehemu kubwa ni upepo na maji, kamera inafuata nyuma.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Bristol, nafanya kazi za usiku kwenye nyumba ya wazee. Droni nilinunua mkononi mwa mtu, pauni 240, pamoja na betri tatu na begi lake. Ni toleo la mwishoni mwa 2020, si mpya hata kidogo, na kuna ndugu zake wenye macho mbele na nyuma ya kukwepa vizuizi. Hii inaona chini tu. Nilijua hivyo nikiinunua, na kwa eneo la wazi kama Purton sijawahi kuyakosa hayo macho. Mtu wa kupita katikati ya miti ajipange upya.

Purton ni kijiji kidogo cha Gloucestershire, ukingoni mwa Severn, mto mrefu kuliko yote ya kisiwa cha Britania, kilomita 354. Hapo mto na mfereji wa Gloucester na Sharpness vinakwenda bega kwa bega, na kuna mahali kipande cha ardhi kinachovitenganisha ni chembamba kiasi kwamba mtu anarusha jiwe kutoka kimoja likatua kingine. Mfereji huo ulifunguliwa 1827, una urefu wa maili 16, ulijengwa ili vyombo vikwepe mikondo na mafungu ya mchanga ya mtoni. Mwaka 1909 gema likamomonyoka. Hofu ikawa mto utakula mpaka uingie mferejini, maji yote yamwagike, biashara ife. Dawa waliyoipata ilikuwa vyombo vikuukuu. Vikaletwa wakati maji yamejaa, vikakimbizwa kwa nguvu mpaka juu ya ukingo, vikatobolewa, basi kila maji yakijaa yanaingia na tope, yakitoka yanaliacha humo. Kazi hiyo iliendelea kwa miongo, chombo baada ya chombo, hadi vikapita themanini.

Ukitembea kwa miguu huoni mpango wowote. Unaona nyasi ndefu, kisha ghafla taruma limetokeza kama mbavu za ng'ombe aliyekufa kiangazi, kisha nyasi tena. Kuna vibao vidogo vilivyowekwa na wapenzi wa mahali hapo, kila kimoja na jina la chombo na mwaka wa kujengwa, kama makaburini. Bila vibao hivyo vyombo vingine ungevipita ukidhani ni gogo.

Ukipanda juu mita 50, ndipo unashtuka. Ni ukuta! Vimelazwa kufuata mkunjo wa mto, tezi (nyuma) ya hiki imeingia kwenye omo (mbele) ya kile, na palipobaki mwanya kimesukumwa kingine nyuma yake. Matumbo yote yamejaa ardhi, na nyasi za ndani ya chombo zina kijani tofauti na za nje, kwa hiyo hata kile ambacho mbao zake zimeoza zote bado umbo lake limechorwa pale, ncha mbili, mfano wa jani la mwembe. Nilikuja kupiga picha meli zilizotupwa, nikaondoka najua hakuna iliyotupwa. Kila moja ilipewa zamu ya mwisho, na mfereji mpaka leo una maji.

Matishali ya zege ndiyo yanayotoa picha kali kuliko yote. Yalijengwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia chuma kilipokuwa adimu, na yamekaa pale makubwa, ya kijivu, mstari kamili. Nilishusha droni taratibu kando ya moja mpaka kama mita 3, na kamera ikanasa mahali zege limebanduka na nondo za ndani zimetoka nje, nyekundu kwa kutu, zimevimba mpaka zinalipasua zege lililozishika. Video ya 4K, yaani ya ubora wa juu, ukisimamisha, unahesabu nondo moja moja. Kwa kamera yenye kihisi kidogo hivi, mchana wa mawingu membamba, sina la kuidai. Kile kishikio cha kamera kinatuliza picha hata droni yenyewe ikiyumba kama mlevi.

Jioni ni hadithi nyingine. Tope la Severn likilowa linang'aa kama sinia ya shaba, na ukiiachia kamera ijipangie mwanga yenyewe, tope litatoka jeupe au mbao zitatoka nyeusi tititi. Mimi naweka mwanga kwa mkono, nafunga filta ya kupunguza jua, na picha za mnato napiga kwa faili ghafi ya DNG ili nizifanyie kazi nyumbani. Jambo jingine: vihisi vya chini huchanganywa na maji na tope linalong'aa, kitabu chake kinaonya waziwazi. Usiende chini ya mita 2 juu ya maji ukitegemea droni ijishikilie yenyewe.

Sasa maji. Sisi watu wa pwani tunadhani tunayajua maji ya kupwa na kujaa. Severn itakunyoosha. Siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa kwenye mlango wake inafika karibu mita 14, kati ya kubwa kabisa duniani. Nyumbani kwetu mita 4 tunaziita bamvua kubwa. Na hapo juu karibu na bandari ya Sharpness maji yanatoka polepole mchana kutwa, halafu yanarudi kwa haraka. Nilikuwa nimechuchumaa nabadilisha betri, nikasikia sauti kama lori linalomwaga kokoto kwa mbali. Nilipoinua kichwa, fungu la mchanga nililokuwa nalipiga picha dakika chache zilizopita limekwisha kugawanyika. Usishuke topeni kuifuata droni. Ikianguka huko, hiyo ni sadaka.

Ratiba yangu imekuwa hii: naangalia jedwali la maji la Sharpness, nachagua siku ya bamvua ambayo maji yanakupwa kabisa alasiri, nafika muda wa saa mbili kabla ya hapo. Siku hizo ndipo yanapotokeza mabaki ya meli mbili za mafuta, Arkendale H na Wastdale H. Usiku wa tarehe 25 Oktoba 1960, katika ukungu, mkondo ulizipitisha lango la bandari ya Sharpness, zikagandana, zikagonga nguzo ya daraja la reli lililokuwa limesimama hapo tangu 1879. Vipande viwili vya daraja vikaanguka, mafuta yakawaka mtoni, na mabaharia watano kati ya wanane hawakurudi. Daraja lilibomolewa baadaye. Kwenye ukingo wa mfereji umebaki mnara wa mawe wa mviringo uliobeba kile kipande chake kilichokuwa kinazungushwa kupitisha vyombo.

Mabaki yenyewe yako mbali katikati ya mchanga, na hapa droni ya gramu 249 inakuonyesha mwisho wake. Sheria ya Uingereza inataka uione kwa macho yako muda wote, na ikifika nusu kilomita ni kama nzi. Kwa hiyo siifikishi huko. Naisimamisha pale ninapoiona bado vizuri, navuta kwa zumu mara mbili. Ukirekodi kwa 1080, ubora ulio chini ya 4K, haipotezi kitu, ukizidisha hapo inakuwa uji. Nilichopata kinatosha: mbavu za chuma, shakwe wamejipanga juu yake, na maji ya kahawia yanazunguka. Sikuweka muziki kwenye kipande hicho. Watu walikufa pale.

Kuhusu vibali, kwa kifupi. Kwa kuwa ina kamera, ilinibidi kujisajili kama mmiliki na kubandika namba kwenye mwili wa droni. Mtihani wa urushaji niliufanya kwa hiari yangu, maswali 40, unafaulu kwa 30, bure. Tangu Januari 2026 umekuwa lazima hata kwa vidogo hivi, kuanzia gramu 100. Mwisho wa kupanda ni mita 120. Lakini kusajiliwa hakukupi ruhusa ya kurukia kwenye ardhi ya mtu. Mimi nilimwomba mwenye shamba la jirani, akanikubalia kwa sharti nisiwakurupushe ng'ombe wake. Na majira ya baridi siendi kabisa: hifadhi ya ndege ya Slimbridge iko kilomita chache juu ya mto, mabata bukini na batamaji wanafika kwa maelfu, na eneo lote la mlango wa mto linalindwa kisheria. Droni moja inainua kundi zima.

Betri: zilizokuja na droni zinaandikwa dakika 31, hesabu ya mahali pasipo upepo. Pale Severn mimi napanga safari ya dakika 20, basi. Niliongeza ya nne, si ya kampuni yenyewe, kutoka duka moja la mtandaoni kwa nusu ya bei. Wiki ya tatu ikavimba kama andazi. Walinirudishia pesa baada ya barua pepe saba na picha tano, na mtu wao mmoja aliniuliza kama nimeiweka jikoni. Nunua halisi.

Video ya kwanza nilimtumia mama Tanga. Marehemu babu, baba yake, alikuwa fundi wa kutia kalafati, yaani kuziba mianya ya mbao za vyombo, kwa hiyo mama hatazami chombo kama sisi tunavyotazama. Akanipigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu niambie, huyo mwenye mataruma mengi ni nani?"

Nikamwambia anaitwa Harriett, wa mbao, alijengwa 1905 kwa ajili ya mto mwingine mdogo wa bara.

"Na hana mkuku?"

"Wa chini bapa, mama. Wa maji madogo."

Kimya. Halafu: "Sasa mbona wamemjaza udongo chombo mzima?"

Nikamweleza habari ya gema na mfereji. Akacheka. "Kumbe wamemfanya gunia la mchanga. Haya, angalau hawakumfanya kuni." Sikumwambia kwamba baadhi ya vyombo kweli vilichomwa na watu wahuni wasio na kazi, na mbao nyingine zikabebwa.

Kaka yangu yeye swali lake lilikuwa moja: nikija likizo nije nayo tupige picha Pangani? Nimemwambia angoje. Tanzania unahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga kabla, na Kenya ni hivyo hivyo, huko hata kuiingiza nchini bila idhini itabaki forodhani. Usiifiche kwenye sanduku ukitegemea bahati.

Ningeinunua tena? Kwa bei ya mkononi, ndiyo, bila kufikiri mara mbili, ila ningeanza na mapanga ya akiba na bisibisi yake ndogo, maana skrubu zake ni kama punje za ufuta na nilizipoteza mbili kwenye nyasi siku ya kwanza. Mwenye kutaka droni imfuate yenyewe akitembea, hii haifanyi hivyo. Mwenye kazi za usiku au za jioni atafute yenye kamera kubwa zaidi.

Mimi kila nikienda napiga picha moja ileile: Harriett, kutoka juu kabisa, mita 20, pua ya droni ikitazama mnara. Ninazo saba sasa. Kati ya ya kwanza na ya saba kuna ubao mmoja upande wa mto ambao haupo tena. Bamvua kubwa ijayo ni mwezi wa tatu, na zamu nimeshabadilishana na mwenzangu.