Magnetiti na hematiti: chuma kilekile, tabia mbili

Saga kila moja ya madini haya mawili iwe unga, kisha sogeza sumaku. Unga mweusi wa magnetiti unairukia papo hapo. Ule mwekundu wa hematiti unabaki ulipo. Na zote ni chuma na oksijeni tu!

Magnetiti (Fe₃O₄) ina ayoni (atomi zenye chaji) za chuma za aina mbili: zilizopoteza elektroni mbili na zilizopoteza tatu. Elektroni huruka kutoka ayoni moja hadi jirani yake, na umeme unapita. Vijisumaku vya ayoni hizo huelekeana kinyume, ila upande mmoja una nguvu zaidi, ndiyo maana usumaku unabaki. Ipoze hadi karibu nyuzi -153 za Selsiasi: elektroni zinajipanga, na uwezo wa kupitisha umeme unashuka ghafla takriban mara mia. Mwanakemia Mholanzi Verwey alilieleza badiliko hilo mwaka 1939, na kwangu hakuna jambo tamu zaidi katika oksidi zote za metali.

Hematiti (Fe₂O₃) ina aina moja tu ya ayoni, kwa hiyo elektroni hukwama, na vijisumaku vyake karibu vifutane kabisa. Lakini kwa kutenganisha maji kuwa hidrojeni na oksijeni kwa mwanga wa jua, ningechukua hii: hufyonza mwanga unaoonekana na haimumunyuki majini.