Nyuso za makaisari Musei Capitolini, Roma: uzoefu wangu

Mdogo wangu ni sista, anasoma Roma. Nilipomtembelea alinipeleka kwanza Mtakatifu Petro, kesho yake Colosseum, na siku ya tatu miguu ikiwa imevimba nikamwomba anitafutie mahali ambapo mtu anaweza kutazama kitu kimoja kwa utulivu. Tukaenda Musei Capitolini, juu ya kilima cha Capitolino.

Tiketi nilinunua usiku kwa wakala mmoja wa mtandaoni, akanitoza karibu mara mbili ya bei ya dirishani. Ujinga wangu. Nunueni kwenye makumbusho yenyewe.

Makumbusho haya yalifunguliwa kwa umma mwaka 1734, na yako katika majumba mawili yanayotazamana, yakiunganishwa na njia ya chini ya ardhi. Unaingilia Palazzo dei Conservatori, ambako uani utakuta kichwa, mkono na mguu wa sanamu kubwa ya kaisari Konstantino. Piga picha yako, kila mtu anapiga. Lakini mimi ningekushauri usimalize nguvu zako huko. Vuka hadi jumba la pili, Palazzo Nuovo, panda ghorofani, uulize Sala degli Imperatori, yaani ukumbi wa makaisari.

Ni chumba kimoja tu. Sanamu 67 za vichwa zimepangwa ukutani juu ya rafu mbili za marumaru, kwa kufuata miaka ya utawala, makaisari pamoja na mama zao na wake zao. Katikati ameketi Mtakatifu Helena, mama yake Konstantino, kwenye kiti, amejilaza kidogo kama mwenye nyumba anayesubiri wageni. Sista alisimama hapo muda mrefu. Mimi nilimtafuta Augusto, kwa sababu jina lake nimelisikia kila Krismasi tangu utotoni, yule wa amri ya kuandikisha watu, na sikuwahi kufikiri kwamba alikuwa na sura.

Dakika kumi za mwanzo niliona vichwa vyeupe tu, vyote sawasawa. Kilichonifungua macho ni macho yenyewe. Vichwa vya zamani vina mboni laini, tupu kama yai, kwa kuwa enzi hizo mboni zilipakwa rangi, na rangi imeshapotea. Kuanzia karibu na wakati wa Hadrian, aliyetawala mwaka 117 hadi 138, mafundi wakaanza kuchimba mboni kwenye jiwe, na ghafla unatazamwa. Huyo Hadrian ndiye pia aliyeleta ndevu. Kabla yake makaisari walikuwa wakinyoa; baada yake ndevu zinajaa rafu nzima. Ukishajua mambo haya mawili, unaweza kukadiria umri wa kichwa kabla hujasoma jina.

Angalieni na nywele za wanawake. Kuna mama mmoja, wanamwita Busto Fonseca, nywele zake zimepandishwa juu ya paji la uso kama ukuta wa vishungi, kila kishungi kikiwa na tundu lililotobolewa kwa keekee. "Kaka, huyu alikaa saluni siku nzima," akasema sista, naye amevaa shela yake. Tulicheka hadi mlinzi akageuka.

Tahadhari moja: msiziamini pua. Nyingi ni za kubandikwa na mafundi waliokarabati sanamu hizi karne nyingi baadaye, na wakati mwingine hata mabega si ya mwenye kichwa. Pale ambapo uso mzima ni wa asili, ndipo kuna utamu. Maximinus Thrax, mwanajeshi aliyetwaa kiti mwaka 235, ana ndevu fupi zilizodonolewa kwa ncha ya patasi, na paji la mtu asiyelala vizuri.

Niliyekwenda kumtafuta hasa ni Septimius Severus. Alizaliwa mwaka 145 Leptis Magna, Libya ya leo, akawa kaisari mwaka 193, akafia York huko Uingereza mwaka 211. Ndevu zake zimegawanyika chini, na vishungi vinne vinamwangukia kwenye paji. Sista akauliza, "Alikuwa mweusi?" Marumaru haijibu swali hilo. Berlin kuna picha yake iliyochorwa kwenye ubao, rangi yake ni ya kahawia kuliko ya mkewe Julia Domna, lakini wachoraji wa zamani walizoea kumpaka mwanamume rangi nzito kuliko mwanamke.

Mwanawe Caracalla hakuhitaji maelezo. Amekunja uso. Mwaka uleule baba alipofariki, alimwua mdogo wake Geta, waliyekuwa wakitawala pamoja, kisha akaamuru jina na sura ya Geta vifutwe kila mahali.

Ukumbi wa wanafalsafa ulio jirani tuliupita haraka, njaa ilikuwa imeanza. Lakini msitoke bila kushuka kwenye ile njia ya chini hadi Tabularium, jengo la kale la Warumi. Kuna matao yaliyo wazi, na chini yako ni Foro yote ya Roma, uwanja mkuu wa mji wa kale. Tao kubwa lililo karibu kabisa ni la Severus mwenyewe, la mwaka 203. Nilikuwa nimesoma kwamba jina la Geta lilikuwepo kwenye mstari wa nne wa maandishi, likachongolewa, na juu yake yakawekwa maneno ya kuwasifu baba na ndugu aliyebaki. Nikaelekeza simu huko, nikaivuta picha iwe karibu. Mstari wa nne jiwe limeliwa ndani kuliko mistari mingine, na kuna matundu ya misumari yasiyolingana na herufi zilizopo.

Sista akanyamaza kidogo. "Nitumie hiyo WhatsApp," akasema, tukaenda kula.