Kilwa Kisiwani na sarafu za masultani, uzoefu wangu

Jamani nimerudi Kilwa juzi nikaona niandike, maana kabla ya kwenda nilitafuta maelezo ya mtu aliyeenda kwa ajili ya sarafu nikakosa, kila mtu anasifia bahari na picha za magofu tu.

Mimi sarafu nazipenda toka mdogo. Bibi alinifunga kiunoni senti kumi ya tundu, ile ya mkoloni yenye jina la mfalme George limezunguka tundu, akisema jicho la hasadi likija litaishia kwenye hela halimfikii mtoto. Kwa hiyo wakala mmoja wa utalii wa Dar aliponiambia huko kisiwani nitaonyeshwa sarafu za kale nikalipia siku hiyo hiyo. Nimefika, sikuonyeshwa kabati lolote la sarafu, nampigia simu hapokei. Hilo limeniuma sana, msiahidi kitu hamkijui.

Ila mwongozaji tuliyempata Kilwa Masoko, mji wa ng'ambo ya kisiwa, baada ya kukata kibali, yule mzee Mungu ampe umri. Tulivuka kwa boti asubuhi, tukapita ngome inayoitwa Gereza na Msikiti Mkuu, halafu akatupeleka Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, vyumba zaidi ya mia juu ya mwamba unaotazama bahari na birika la pembe nane ambalo mpaka leo unaona lilivyokatwa vizuri. Tukakaa ukingoni mwa birika akatusimulia Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alivyofika mwaka 1331 akakuta watu wanamwita huyu sultani Abul Mawahib, baba wa zawadi, kwa mkono wake ulivyokuwa wazi. Fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha njiani akitoka msikitini Ijumaa akamwomba nguo alizovaa, sultani akarudi ndani akazivua akampa. Mzee akasema "mwanangu, utawala wa hapa ulikuwa kutoa, mtawala asiyetoa watu hawamjui". Nikakumbuka sisi kwenye ngoma na taarabu tunavyotunza hadharani, hela inatolewa watu waione.

Na hela za kutoa zilikuwepo, dhahabu ya Sofala, kule Msumbiji, ilikuwa inapita mikononi mwao na sarafu za shaba wakazitengeneza wenyewe kwa majina yao. Sarafu ya huyu huyu al-Hasan imeokotwa kwenye magofu ya Great Zimbabwe, mbali huko bara, na mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia aliokota sarafu 5 za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya nchi yao! Nani alizifikisha huko hakuna anayejua.

Sasa sikia. Tunarudi ufukweni akaja kijana na kitambaa kimefungwa fundo, ndani sarafu tatu za kale. Mzee akachukua kipande kimoja akaniwekea kiganjani akasema soma. Kidogo kama kifungo cha koti, chembamba, kijani kwa kutu, ukingo umelika upande mmoja. Nilisoma chuo cha Kurani utotoni kwa hiyo nikajikongoja herufi moja moja za Kiarabu mpaka nikapata Ali bin al-Hasan, sultani wa zamani kuliko yule wa kasri. Akasema geuza. Nyuma kuna maneno ya kumtegemea Mola mwenye neema, na yanaishia na sauti ile ile ya an. Ni vina! Sultani wa miaka karibu elfu iliyopita kaweka ubeti kwenye hela, upande mmoja unaitikia mwingine, mwili ulinisisimka nikabaki nimekishika tu. Na mwaka hawakuandika, jina na dua vimewatosha.

Nikauliza bei. Mzee akanikatalia palepale, kwa upole lakini hakucheka, akasema sheria ya mambo ya kale ipo toka 1964 na zaidi ya sheria wenyewe wa mji hawapendi, anayeondoka na hela ya magofu hapati usingizi mpaka airudishe. Akamwambia kijana azipeleke ofisini Masoko. Nilikirudisha mwenyewe kwenye kitambaa.

Ukienda anza na Husuni Kubwa kabla jua halijawa kali, ni mwendo kidogo kutoka Gereza, beba maji, vaa viatu vya kufunika na mwombe mwongozaji akae nanyi kwenye birika msikimbizane. Mzee na kisiwa nyota tano. Wakala nampa moja, na hela ya ziara ya pili nitampa mzee mkononi.